Namanga na Kyaka: Mipaka Miwili Iliyoifunza Tanzania

Ijumaa ya tarehe 4 Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kuanzia pwani hadi Ziwa Viktoria, njia zote halali zikazibwa. Magari ya watalii yenye namba za Kenya na ndege ndogo zilizokutwa upande wetu zikazuiliwa. Kesho yake, TANU na Afro-Shirazi Party ziliungana, Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa. Nchi iliingia kwenye sherehe ikiwa imetoka tu kugombana na jirani.

Miezi 21 haikutimia kabla ya mpaka mwingine kuwaka moto. Jumatatu ya tarehe 30 Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka wa kaskazini-magharibi, yakateremka hadi Mto Kagera na kusimama kwenye daraja la Kyaka.

Tukisimulia kuzaliwa kwa taifa letu, wengi huanzia tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru, au 26 Aprili 1964, siku ya Muungano. Hizo ni siku za bendera na furaha. Lakini mtoto hajulikani tabia siku ya kupewa jina. Hujulikana siku ya kwanza ya njaa. Tanzania ninayoijua, yenye mashirika yake, jeshi lake, hofu zake na subira yake, ilifinyangwa zaidi katika miaka minane kati ya 1977 na 1985. Aliyeifinyanga ni vita, akisaidiana na ugomvi wa biashara.

Nyumba ya watu watatu

Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuanzishwa na wanasiasa wa uhuru peke yao. Waingereza walikuwa wameshaziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika kwa reli, posta, bandari, ushuru wa forodha na sarafu moja. Viongozi wa uhuru, Julius Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote, walirithi nyumba iliyokwisha kujengwa. Tatizo lilikuwa ramani yake. Viwanda vingi vilikuwa Nairobi na maeneo ya jirani, na makao makuu ya huduma nyingi yalikuwa huko huko. Tanganyika na Uganda zilinunua sabuni, nguo na bidhaa nyingine za Kenya, zikauza huko vitu vichache. Kila mwaka mizani iliinamia upande mmoja.

Mwaka 1964 ulifanyika mkutano wa Kampala kujaribu kugawana viwanda, kila nchi ipewe aina fulani ili mwenzake asiishindanie. Makubaliano hayo hayakutekelezwa kikamilifu. Mfano unaosimulika zaidi ni matairi: baadaye Arusha ilijenga kiwanda chake, na Nairobi nayo ikajenga chake, ilhali soko la pamoja halikuwa kubwa kiasi cha kuvishibisha vyote viwili. Mwaka 1966 sarafu ya pamoja ikavunjika, na Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango yake mwezi Juni mwaka huo.

Tarehe 6 Juni 1967 marais watatu walitia saini mkataba mpya Kampala, na Desemba mwaka huo Jumuiya ikaanza rasmi, makao yake yakiwa Arusha. Mkataba ulijitahidi kutenda haki. Makao ya mashirika yaligawanywa: bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Benki ya Maendeleo ikapelekwa Kampala. Ikawekwa pia kodi ya uhamisho, iliyoiruhusu nchi inayonunua zaidi ya inavyouza kutoza bidhaa za jirani ili viwanda vyake vichanga vipate kupumua.

Lakini mwaka huo huo, tarehe 5 Februari, Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha. Mabenki, viwanda vikubwa na biashara ya nje vikawekwa mikononi mwa umma. Kenya ilikuwa imechagua njia ya mtaji binafsi na wawekezaji wa nje. Ndugu wawili walilala chumba kimoja, mmoja akitaka dirisha liwe wazi na mwingine akitaka lifungwe. Mitaani kwetu Kenya ikaitwa nchi ya manyang'au, nao wakatudhihaki kwa umaskini wetu. Maneno ya aina hiyo hayavunji mkataba siku moja, ila huula kama mchwa alavyo nguzo.

Pigo kubwa lilitoka upande ambao haukutarajiwa. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere alikataa kuketi meza moja naye. Kwa kuwa chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa mkutano wa marais watatu, na marais hao hawakukutana tena, Jumuiya ikawa mwili usio na kichwa. Mashirika yaliendelea kuvutana kuhusu fedha: kila nchi ikadai wenzake hawapeleki makusanyo makao makuu, kila nchi ikaanza kubana ya kwake. Malori makubwa ya Kenya yaliyopeleka mizigo Zambia kupitia barabara zetu yakazuiwa, kwa hoja kwamba yanazichakaza. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama kwa madeni, Kenya ikaunda shirika lake la ndege, na Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka.

Hesabu ya mlango uliofungwa

Kulikuwa na hoja nyuma ya uamuzi ule. Watalii walishukia Nairobi, wakalala Nairobi, wakalipia magari ya Nairobi, kisha wakaja Serengeti na Ngorongoro kwa siku chache na kurudi Nairobi. Sisi tulibaki na wanyama na vumbi. Uwanja wa ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulikuwa umefunguliwa tangu 1971 ili watalii washukie kwetu moja kwa moja, nao haukupata wateja wa kutosha. Waliofunga mpaka waliamini kwamba mtalii akikosa mlango wa Namanga, mpakani na Kenya, atatafuta mlango wa Kilimanjaro.

Hilo halikutokea haraka. Watalii wengi walibaki Kenya, na hoteli zetu za kaskazini zikakaa na vitanda vitupu. Kenya nayo iliumia: ilipoteza mnunuzi mkubwa wa bidhaa zake, na njia yake ya nchi kavu kuelekea Zambia ikakatika kabisa. Waliokuwa na jamaa pande zote mbili, Wamasai, Wakuria, Wadigo, waliona mstari uliochorwa na wakoloni ukigeuzwa ukuta na ndugu zao wenyewe. Lango la Bologonja, linalounganisha Serengeti na Masai Mara, halikufunguliwa tena kwa watalii hata mpaka ulipofunguliwa miaka ya baadaye.

Bajeti ya Jumuiya ya mwaka 1977/78 haikupitishwa, na mwishoni mwa Juni 1977 Jumuiya ikafa. Hapo ndipo taifa changa lililazimika kusimama kwa miguu yake katika mambo ambayo siku zote yalifanywa kwa pamoja. Ndani ya mwaka huo Tanzania iliunda shirika lake la ndege, la reli, la bandari, la posta na simu. Mafundi waliokuwa wakitegemea karakana za Nairobi walilazimika kutengeneza injini kwa vifaa walivyokuwa navyo. Kujitegemea, lililokuwa neno la jukwaani, likawa kazi ya asubuhi.

Gharama nyingine haikuingia kwenye bajeti yoyote. Maelfu ya watumishi wa Jumuiya waliachishwa kazi bila kumaliziwa mafao yao. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kusuluhisha mgawanyo wa mali na madeni. Mkataba wa mgawanyo ulitiwa saini Mei 1984, miaka saba baada ya kuvunjika. Wastaafu wa Tanzania walidai haki zao kwa miaka mingi zaidi, hata karne hii mpya ikawakuta wazee wenye mvi wakikusanyika Dar es Salaam na makaratasi yao mikononi. Hao nao ni majeruhi wa ugomvi ule, ingawa hakuna risasi iliyopigwa.

Mstari wa nyuzi moja

Ili kuielewa Kyaka, mtu aangalie ramani. Mpaka kati yetu na Uganda magharibi mwa Ziwa Viktoria haufuati mto. Wakoloni waliuchora kwa rula, nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mto Kagera wenyewe unajipinda kusini zaidi kabla ya kuingia ziwani, hivyo kuna kipande cha ardhi ya Tanzania, takribani kilomita za mraba 1,800, kilicho ng'ambo ya mto. Katika kipande hicho kulikuwa na vijiji, ng'ombe, migomba, na mashamba ya miwa.

Amin alikuwa na sababu zake za nyumbani. Uchumi wa Uganda ulikuwa umeporomoka tangu alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na mwaka 1978 baadhi ya vikosi vyake vilikuwa vimeanza kuasi. Mtawala aliyeishiwa maneno kwa watu wake hutafuta adui nje. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba mpaka mpya wa Uganda ni Mto Kagera. Askari wake waliua raia, wakabaka, wakachoma nyumba, wakapora ng'ombe na mali ya kiwanda cha sukari. Daraja la Kyaka wakalilipua, wakiamini kwamba mto utakuwa ngome yao.

Tarehe 2 Novemba Nyerere alilihutubia taifa kutoka Dar es Salaam. Hotuba hiyo inakumbukwa kwa maneno matatu ambayo kila Mtanzania wa rika lile anayajua: sababu, uwezo na nia. Sababu ilikuwa wazi kuliko zote. Mwaka 1964, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo, Nyerere alikuwa mstari wa mbele kutetea azimio la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Alijua kwamba mipaka hiyo ilichorwa bila akili, lakini alijua pia kwamba kila nchi ikianza kuirekebisha kwa bunduki, Afrika yote itawaka. Sasa kanuni aliyoisimamia ilikuwa imekanyagwa kwenye shamba lake mwenyewe.

Uwezo ulikuwa jambo la kutafuta. Vikosi vingi vilikuwa mbali na Kagera, na kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni safari ya zaidi ya kilomita 1,300, kwa barabara ambazo mvua za Novemba huzigeuza tope. Waziri Mkuu Edward Sokoine alisimamia uhamasishaji. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari na chakula. Wananchi wakatoa fedha, ng'ombe, mahindi. Mgambo wakaitwa kutoka vijijini, na jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapanuka mara kadhaa. Kabla mwezi haujaisha, wahandisi wa Jeshi la Wananchi walikuwa wameshaweka daraja la chuma la muda, na Operesheni Chakaza ikavuka mto.

Kumfukuza Amin kutoka ardhi yetu hakukuchukua muda. Swali gumu lilikuwa la baada ya hapo: tusimame mpakani au tuendelee? Amin hakuacha kutishia, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka suluhu bila kumlaani mvamizi. Januari 1979 majeshi yetu yaliingia Uganda kupitia Mutukula. Februari yakafika Masaka na Mbarara. Libya ilimtumia Amin askari na silaha, na mwezi Machi, kwenye vinamasi vya Lukaya, wanajeshi wetu walirudishwa nyuma kwanza, kisha wakajipanga upya na kushinda vita vilivyovunja uti wa mgongo wa jeshi la Amin. Meja Jenerali David Musuguri aliongoza divisheni iliyopigana huko. Mwishoni mwa mwezi huo, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi na kuunda umoja wao chini ya Yusuf Lule, ili siku Kampala itakapoanguka awepo Mganda wa kukabidhiwa.

Entebbe ilichukuliwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11. Barabara ya mashariki iliachwa wazi makusudi ili askari wa Libya wapate njia ya kuondoka, damu isimwagike zaidi. Juni 1979 majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan, na Uganda yote ikawa huru kutoka mikononi mwa Amin. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, baadhi ya viongozi wa Afrika waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya mwenzake. Wakati Amin alipokuwa akiwachinja raia wake kwa miaka minane, wengi wao walinyamaza.

Ushindi uliolipiwa dukani

Vita vile viligharimu takribani dola milioni 500 za Marekani. Kwa nchi iliyokuwa ikiishi kwa kahawa, pamba, katani, korosho na chai, huo ulikuwa mzigo mkubwa mno, na misaada ya kuubeba ilikuwa kidogo sana.

Mzigo ule ulifika wakati mabega yamechoka. Bei ya kahawa, iliyopanda sana mwaka 1976 na 1977, ilikuwa imeshuka. Mwanzoni mwa 1978 nchi ilikuwa imelegeza uagizaji wa bidhaa, akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikaruka duniani kote. Jumuiya ilikuwa imekufa, na mpaka wa Kenya, ambako bidhaa nyingi zingepatikana karibu, ulikuwa bado umefungwa. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikawa miaka.

Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kitabu. Foleni ya sukari ilianza alfajiri. Sabuni ilikatwa vipande. Watu walikula unga wa yanga, mahindi ya njano ya msaada. Jumapili mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani ili kubana mafuta. Ulanguzi ukashamiri: bidhaa iliyokosekana mbele ya duka ilipatikana nyuma ya duka. Magendo yakapita usiku katika mpaka uleule uliofungwa mchana. Huko Kagera, ambako vita vilipita, magendo na Uganda yalileta nguo iliyoitwa Juliana. Na ugonjwa mpya ulipoanza kuua vijana, watu waliuita kwa jina la nguo hiyo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huo.

Serikali ikagawanyika. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi yapunguzwe kabla ya kukopesha. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona hakuna njia nyingine. Nyerere alikataa kupangiwa, na Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Makubaliano mafupi ya mwaka 1980 hayakudumu. Machi 1983 Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwa mamia, na usiku bidhaa zilizofichwa zilitupwa majalalani na mitoni na wenyewe kwa hofu. Wako waliokuwa walanguzi kweli, na wako waliokuwa wafanyabiashara wa kawaida waliojaribu kuishi. Bidhaa hazikuongezeka, kwa sababu hata mlanguzi huficha kilichopo, kisichozalishwa hakifichiki.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, na nchi ikalia. Bajeti ya Juni mwaka huo iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Novemba 1985 Nyerere aling'atuka na Ali Hassan Mwinyi akaingia, akaitwa Mzee Ruksa. Mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha yalitiwa saini, na shilingi, iliyokuwa takribani 8 kwa dola mwaka 1979, ikafika 40. Ujamaa wa Azimio la Arusha haukuuawa na adui wa nje wala na hotuba ya mtu. Ulifia kwenye rafu tupu za duka.

Mizani

Ninapoweka mipaka hii miwili kwenye mizani, naona tofauti ambayo taifa halipaswi kuisahau. Kyaka hatukuwa na hiari. Ardhi ilichukuliwa, watu wakauawa, na hakuna mkutano ungeirudisha. Gharama yake ilikuwa kubwa, lakini ililipia kitu ambacho taifa haliwezi kuishi bila hicho. Walioilipa zaidi wamelala Kaboya, mkoani Kagera, kwenye makaburi ya mashujaa, na hakuna Mtanzania mwenye haki ya kusema walikufa bure. Vita vile pia vilitufundisha kuwa wamoja: Mmakonde wa Newala na Mkuria wa Tarime waligawana handaki moja, wakizungumza Kiswahili kimoja.

Namanga ilikuwa tofauti. Malalamiko yetu yalikuwa ya haki: mizani ya biashara iliinama kweli, utalii ulitunufaisha kidogo kweli. Lakini hiyo ilikuwa hesabu, na hesabu hupigwa mezani. Tulifunga mlango kwa hasira, tukakaa miaka sita na zaidi, na Novemba 1983 tukaufungua tena kwa makubaliano ya Arusha bila kupata tulichokifungia. Laiti tungekuwa na jirani wa kununua na kuuziana naye wakati Amin anavuka mto, bili ya vita ingekuwa nyepesi kiasi fulani. Ugomvi wa kwanza ulitunyang'anya nguvu tuliyoihitaji kwa ugomvi wa pili.

Jumuiya mpya ilitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wiki chache baada ya Mwalimu kufariki. Hata hivyo tabia ya zamani haifi upesi. Mwishoni mwa 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya waliteketezwa Namanga, na ng'ombe wa wafugaji wa Kenya wakapigwa mnada. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu. Mara hii lakini Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi mwezi Mei, akazungumza na viongozi wa Kenya, malori yakapita. Siku chache za mazungumzo zilifanya kazi ambayo miaka sita ya kufuli haikuifanya.

Leo Mutukula, ambako askari wetu waliingia Uganda, kuna kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Namanga pia kipo, tangu 2018. Dereva wa lori hukaguliwa mara moja na kuendelea na safari. Vijana watakaoongoza nchi hii kesho wapite hapo na kukumbuka kilicholipwa ili mlango ule uwe wazi. Watakapotaka kuufunga kwa sababu ya vifaranga au mahindi, waulize kwanza bei ya sukari ya mwaka 1983.